Pampu mpya ya stelingi isifungwe juu ya oili chafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye magari, pamoja na vijana wanaojifunza ufundi, juu ya jambo linalowamaliza watu fedha bila sababu. Mtu anaambiwa pampu ya stelingi, ile inayoulainisha usukani, imekufa, anakwenda Kariakoo kununua nyingine, inafungwa, gari linaondoka kimya kabisa. Baada ya wiki chache mvumo ule ule umerudi. Hapo muuza spea anaitwa tapeli, fundi anaitwa kanjanja, na pampu ya tatu inaanza kutafutwa. Mara nyingi pampu ile ya pili haikuwa na ubaya wowote. Imeuawa na vitu vilivyoachwa humo ndani: oili nyeusi, unga wa chuma, hewa, au chujio lililoziba ambalo hakuna aliyejisumbua kuliangalia.

Kazi yenyewe ni ya kawaida. Mwenye spana zake, jeki, stendi mbili na mtu wa kumzungushia usukani anaimaliza uani kwake kwa nusu siku. Kinachoiharibu ni haraka. Pampu inatolewa, nyingine inawekwa, oili inajazwa, injini inawashwa, basi. Hatua zinazorukwa ndizo zinazoamua kama pampu mpya itadumu.

Kwanza hakikisha gari lako lina pampu. Passo, IST, Prius na magari mengi madogo ya miaka ya karibuni yana stelingi ya umeme: inasaidiwa na mota, haina oili wala mkanda. Ukifungua boneti usione kikopo cha oili ya stelingi, wala pampu inayozungushwa na mkanda, usikubali kuuziwa pampu. Usukani wa gari la namna hiyo ukiwa mzito, angalia taa ya tahadhari kwenye dashibodi, betri na chaji, kisha gari lipimwe kwa mashine ya kusoma hitilafu. Ninayoyaeleza hapa yanahusu stelingi ya oili, kama ile ya Corolla nyingi za miaka ya 1990, Mark II, Noah za zamani na Hiace.

Ndani ya pampu kuna rota yenye mifereji, na kila mfereji una kibati chembamba cha chuma. Pampu nyingi za Toyota zina vibati 10. Rota ikizunguka, vibati vinachomoka na kusuguana na ukuta wa ringi ambayo tundu lake si la duara kamili. Nafasi kati ya kibati na kibati inapanuka na kuvuta oili, halafu inajibana na kuisukuma kwenda kwenye reki, yaani kifaa kinachogeuza tairi za mbele. Usukani ukikatwa hadi mwisho, presha ya gari dogo inaweza kufika baa 70 na kupita, wakati tairi lake linajazwa upepo wa baa mbili na kitu. Na kati ya kibati na ringi hakuna kilainishi kingine isipokuwa oili hiyo hiyo inayosukumwa. Ndiyo maana pampu ikizunguka kavu hata kwa sekunde chache inakwaruzika, na unga wa chuma uliotoka kwenye pampu ya zamani unakwenda kuimega mpya.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza. Mkanda unaoteleza hulia kwa sauti kali ya juu, hasa asubuhi injini inapowashwa, au usukani ukifika mwisho. Mwagia matone machache ya maji upande wa ndani wa mkanda injini ikizunguka, mikono na nguo zikiwa mbali na puli. Mlio ukikatika kwa muda kisha ukarudi, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja, au beringi ya puli mojawapo imelegea. Mlio ukizidi, mkanda umelegea au umechakaa. Pampu inayovuta hewa au iliyopungukiwa oili hailii hivyo. Yenyewe huvuma, na mvumo unapanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta.

Usukani ukiwa mzito gari likiwa limesimama, kisha ukalainika ukikanyaga mafuta, hapo kweli shuku mkanda au pampu iliyochakaa. Ukiwa mzito upande mmoja tu, tatizo liko kwenye reki au valvu yake, na pampu mpya haitabadilisha kitu. Ukiwa mzito pande zote wakati wote, pima upepo wa tairi, halafu nyanyua tairi za mbele, zima injini na uzungushe usukani kwa mkono. Ukikwama hata tairi zikiwa hewani, kitu kimekamata: bolijointi, au maungio ya mhimili wa usukani yaliyoshika kutu.

Sasa chukua tone la oili kutoka kwenye kikopo, lidondoshe kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu inayopitisha mwanga ni nzima. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua imechoka. Nyeusi ina chembe za mipira na sili zinazomeguka. Ya waridi iliyochafuka kama maziwa ina hewa ndani yake, au maji. Ukiona vimulimuli vya fedha, hicho ni chuma, na pampu inajila yenyewe. Hapo tu ndipo nasema nunua pampu bila kusita. Kwa hali nyingine zote, kuna vitu viwili vya bei ndogo vinavyopaswa kuangaliwa kwanza.

Cha kwanza ni wavu ulio ndani ya kikopo. Magari mengi yana wavu mwembamba chini ya kikopo, wa kuzuia uchafu usifike kwenye pampu. Ukikaa miaka bila kubadilishwa oili, wavu unajaa tope jeusi, oili inapita kwa shida, pampu inanyonya kuliko inachopata, na inaanza kuvuma vilevile kama pampu iliyokufa. Toa oili yote, futa, mulika kwa tochi hadi chini kabisa. Wavu unaotoka uoshwe kwa dawa ya kusafishia breki na ukaushwe. Kwenye vikopo vingine wavu umebandikwa hautoki. Huo ukiziba ni afadhali kubadilisha kikopo kizima kuliko kuutoboa kwa bisibisi, kama wanavyofanya wengine, na kuachia uchafu wote uende kwenye pampu.

Cha pili ni mpira mnene unaotoka kwenye kikopo kuingia kwenye pampu. Mpira huu haubebi presha, unanyonya. Ukikakamaa kwa joto la injini, au klempu yake ikilegea, unavuta hewa bila kudondosha hata tone la oili. Mwenye gari anaangalia chini, anaona pakavu, anasema hakuna kinachovuja. Ubonyeze kwa vidole: ukiwa mgumu kama bomba la plastiki, au ukiwa na nyufa pale unapobanwa na klempu, badilisha. Kwenye magari ambayo bomba la kunyonya linaingia kwenye pampu kwa oringi (ringi ya mpira ya kuzibia), kama Honda nyingi, oringi hiyo ndogo ikikauka inaleta povu na mvumo kila asubuhi. Oringi ya bei ya chai imewauzia watu pampu nyingi sana.

Kuna pia pampu inayovuja bila kuvuma. Ikivuja kwenye shafti mbele, au pale gamba lake linapoungana, na oili ikiwa haina vimulimuli, inatengenezeka kwa seti ya sili na oringi. Ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe kisafi, vibati virudishwe kila kimoja na upande wake ule ule wa mviringo ukiangalia ringi.

Ukiridhika kwamba pampu imekwisha, nenda dukani nayo mkononi. Jina la gari peke yake halitoshi. Corolla mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na injini tofauti na pampu tofauti. Chukua namba ya injini na ya modeli kwenye kibati kilicho chini ya boneti. Linganisha kipenyo cha puli, idadi ya mistari yake, mwelekeo wa bomba la kuingizia, ukubwa wa tundu la bolti ya presha (inayofunga mpira unaopeleka oili kwenye reki), na masikio ya kufungia. Pampu ya mtumba si haramu, nyingine ni nzuri kuliko mpya za bei rahisi, lakini izungushe kwa mkono kwanza. Inatakiwa kwenda laini mzunguko mzima, shafti isicheze ndani na nje wala juu na chini, na nyuma ya puli pawe pakavu. Mlango wa oili uliokaa wazi bila kizibo kwenye rundo la vumbi ni sababu tosha ya kuiacha hapo hapo.

Nunua pia washa mbili mpya za shaba au aluminiamu za bolti ya presha, mpira wa kunyonya na klempu zake, mkanda, na oili. Kwa Toyota nyingi za oili, kitabu kinataka ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya Dexron II au III. Honda wanataka oili yao wenyewe ya stelingi, wala si ATF. Magari ya Ulaya mengi hutumia oili ya kijani isiyochanganywa na nyekundu. Soma kifuniko cha kikopo, mara nyingi kimeandikwa. Mfumo wa gari dogo unameza karibu lita moja, kwa hiyo nunua lita tatu: moja ya kubaki na mbili za kusafishia. Iwe kwenye galoni lililofungwa. Oili nyekundu inayopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa hujui ni nini. Na katika hali yoyote, oili ya breki isiingie humo. Mpira wa sili za stelingi umetengenezwa kuvumilia oili yenye asili ya petroli. Oili ya breki inauvimbisha na kuulainisha, na ndani ya siku chache reki, pampu na mipira yote inavuja kwa pamoja. Oili ya injini nayo ni nzito kwa kazi hii.

Mkanda unasomwa mgongoni. Ulioandikwa 5PK1100 una mistari mitano na urefu wa milimita 1,100. Usiongeze wala kupunguza mstari, na urefu usipishane na ule wa gari lako. Uliozidi hautakazika, uliopungua utapandishwa kwa bisibisi na kukatika nyuzi za ndani. Mikanda ya zamani ilikuwa inapasuka nyufa, hivyo ilikuwa rahisi kuihukumu. Ya siku hizi, ya mpira wa EPDM, inaweza kuisha bila ufa hata mmoja: mifereji inakuwa mipana na ya kina, mkanda unakaa chini kabisa kwenye puli na unateleza. Mkanda uliolowa oili haufutiki, tupa. Na kama oili hiyo imetoka kwenye sili ya pampu, kubadilisha mkanda bila kuziba uvujaji ni kununua mwingine mwezi ujao. Sabuni na nta wanazopaka watu kunyamazisha mlio zinaficha ugonjwa kwa siku mbili na kuunyonya uhai mkanda.

Tuje kwenye kazi. Injini iwe imepoa. Toa waya wa hasi wa betri. Uani kwetu pengi ni mchanga, na mchanga unameza jeki. Weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, zuia tairi za nyuma kwa mawe, kisha nyanyua mbele yote, tairi zote mbili ziwe hewani. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Osha au pulizia kifuniko cha kikopo na sehemu za maungio kabla ya kufungua chochote, kwa sababu punje moja ya mchanga ikiingia kwenye mfumo itafika kwenye vibati. Piga picha njia ya mkanda kwa simu, na picha nyingine ya jinsi mipira ilivyokaa.

Nyonya oili ya kikopo kwa bomba kubwa la sindano. Kabla hujalegeza mkanda, legeza nati ya puli kama unahitaji kuihamishia kwenye pampu mpya. Mkanda ukiwa bado umekaza unaishikilia puli. Ukishautoa, puli itazunguka na nati. Vilevile ilegeze bolti ya mpira wa presha pampu ikiwa bado imefungwa mahali pake. Bolti hiyo hukaza sana, na pampu iliyokwisha kufunguliwa huwezi kuishika kwa mkono ukaifungua. Tumia spana ya duara au boksi. Spana ya mdomo wazi itaila kona zake.

Kwenye magari yenye mikanda kadhaa, pampu yenyewe ndiyo inayokaza mkanda wake: legeza bolti ya egemeo, legeza ya kurekebishia, sukuma pampu kuelekea injini, mkanda unatoka. Kwenye magari ya mkanda mmoja mrefu, kuna tenshena ya springi inayoukaza mkanda; izungushe kwa spana ndefu, chomoa mkanda kwenye puli iliyo rahisi, rudisha tenshena polepole. Mkanda ukiwa nje, zungusha kwa mkono kila puli: ya tenshena, ya kati, ya alteneta, ya kiyoyozi. Inayokwaruza, inayocheza au inayozunguka muda mrefu bila kusimama, beringi yake imekauka. Dakika hizi mbili msiziache, maana kwenye gari la mkanda mmoja, beringi ikikamata mkanda unakatika na alteneta inasimama, na kwa injini kama 1ZZ ya Toyota pampu ya maji nayo inasimama. Mtu aliyedhani ana tatizo la stelingi anajikuta amechemsha injini.

Kama alteneta iko chini ya pampu, ifunike kwa mfuko wa plastiki kabla hujachomoa mipira. Oili ikiingia ndani inaharibu kaboni zake, zile zinazopeleka umeme kwenye rota yake. Weka beseni. Chomoa mpira wa kunyonya, maliza bolti ya presha, chomoa waya wa swichi kama upo, toa bolti za kufungia, pampu inatoka. Kwenye baadhi ya Toyota utaona vimpira viwili vyembamba vimeingia kwenye valvu ndogo ya pampu. Hivyo huongeza mzunguko wa injini unapokata kona. Viwekee alama. Valvu hiyo ikiharibika, injini inanyonya oili ya stelingi na gari linatoa moshi mweupe nyuma, huku oili ikipungua bila kuvuja popote. Wapo walioambiwa wafungue injini kwa moshi huo.

Puli isigongwe kwa nyundo, si kutoka wala kuingia. Nyundo inausukuma mhimili kwenye bati la nyuma la pampu na kuumiza beringi, na pampu mpya inaanza maisha ikiwa na ugonjwa. Puli ya nati na kabari inatoka kwa kifaa cha kuvutia gia cha miguu miwili. Ile iliyoshindiliwa, kama ya magari mengi ya Kimarekani, inahitaji kifaa chake cha kuvutia na cha kurudishia.

Sasa pampu iko nje, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kukimbilia kufunga mpya. Chomoa pia mpira wa kurudisha oili pale kwenye kikopo, uelekeze kwenye chupa, na mpira wa presha uelekeze kwenye beseni. Msaidizi azungushe usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa. Reki yenyewe itasukuma nje oili chafu iliyokuwa ndani yake, na mtashangaa wingi wake na weusi wake. Endeleeni hadi isitoke tena. Osha kikopo na wavu. Hapo mfumo uko tayari kupokea pampu.

Pampu mpya ijazwe kabla ya kufungwa. Imimine oili kwenye mlango wa kuingizia, izungushe puli kwa mkono kuelekea upande inaozunguka na injini, mimina tena, zungusha tena, mpaka oili inayotoka kwenye tundu la presha isiwe na viputo. Ifunge kwa kuingiza bolti zote kwa vidole kwanza. Bolti ya presha iwe na washa mpya moja kila upande wa kichwa cha mpira; washa za zamani zimekwisha kubonyea na hazizibi mara ya pili. Kwa Toyota nyingi bolti hiyo inakazwa karibu Nm 50 (kipimo cha nguvu ya kukazia). Asiye na spana ya kupimia nguvu akaze imara bila kuongezea bomba kwenye spana, kwa kuwa ikikatika meno, pampu mpya imekwenda. Kichwa cha mpira kirudi kwenye kizuizi chake ili mpira usiguse manifodi ya moshi. Na mpira wa presha ukiwa umevimba au unatoa jasho, usibadilishwe kwa mpira wa gesi uliofungwa klempu. Unatakiwa mpira wa presha uliobanwa vichwa kwa mashine. Mpira ukipasuka, oili inarukia manifodi yenye moto, na gari linaweza kuwaka.

Kabla ya kuunganisha mpira wa kurudisha, tumia lita zile mbili. Ziba mlango wa kurudisha wa kikopo, mpira wake ubaki kwenye chupa. Jaza kikopo oili mpya, msaidizi azungushe usukani taratibu mwisho hadi mwisho, wewe ukizungusha puli ya pampu kwa mkono na kuongeza oili kikopo kisikauke hata mara moja. Ikianza kutoka nyekundu safi, acha, unganisha, jaza hadi alama.

Mkanda unafuata. Kila mstari uingie kwenye mfereji wake. Ukikosea mfereji mmoja, utajikata kingo mara injini ikiwaka. Kwa pampu inayokazwa kwa mkono, ivute kwa bolti ya kurekebishia au kwa mti, ukiegemeza kwenye gamba lake la chuma, kamwe usiegemeze kwenye kikopo cha plastiki au kwenye bomba. Bonyeza mkanda katikati ya nafasi iliyo ndefu kwa nguvu ya kilo 10 hivi: kwa gari nyingi, mpya ushuke karibu milimita 8 hadi 10, uliotumika ushuke kidogo zaidi. Kuna mafundi wanaoukaza mpaka ulie kama uzi wa gitaa, wakidhani wanaondoa mlio. Wanachofanya ni kuvuta mhimili wa pampu upande mmoja. Beringi inakufa, sili inaanza kuvuja, na alteneta nayo inaumia.

Kutoa hewa kunataka subira kuliko nguvu. Tairi bado ziko hewani na injini imezimwa: zungusha usukani mwisho hadi mwisho polepole, mara nyingi, ukiongeza oili kila inaposhuka, mpaka viputo vikome kwenye kikopo. Teremsha gari, rudisha waya wa betri, washa injini, iache izunguke bila kukanyaga mafuta kwa dakika chache. Kisha kata upande mmoja hadi mwisho, shikilia sekunde 2 au 3, rudi upande wa pili, shikilia vilevile, rudia. Usishikilie zaidi ya hapo, kwa sababu ukifika mwisho presha yote inazungukia ndani ya pampu na oili inachemka upesi. Ikitokea povu, zima na uache gari saa moja. Povu linapanda lenyewe. Kukanyaga mafuta ili hewa itoke haraka kunaisaga hewa ndani ya oili, ikawa kazi ya siku nzima.

Kipimo cha mwisho ni rahisi na wengi hawakijui. Injini ikiwa inazunguka na usukani umenyooka, tia alama usawa wa oili kwenye kikopo. Zima injini, angalia tena. Kwa Toyota, oili isipande zaidi ya milimita 5. Ikipanda zaidi ya hapo, bado kuna hewa ndani: ilikuwa imebanwa na presha, na presha ilipoondoka ikatanuka. Rudia kutoa hewa kabla ya kuingia barabarani.

Mkanda mpya huhesabiwa umetumika baada ya dakika 5 tu za injini kuzunguka, kwa hiyo pima mkazo wake tena siku hiyo hiyo, na kesho yake baada ya safari. Oili iangaliwe asubuhi tatu au nne mfululizo. Ikianza kuwa na giza mapema, nyonya ya kikopo na uweke mpya, endesha, rudia. Mabaki ya reki yanatoka kwa awamu. Mpira wa presha ukipasuka njiani na pampu ina mkanda wake peke yake, zima, kata au chomoa mkanda huo, uendeshe polepole na usukani mzito hadi nyumbani. Hivyo pampu haizunguki kavu. Kwenye gari la mkanda mmoja usifanye hivyo, ita gari la kuvuta.

Ombi langu kwa wenye gereji ni kwamba oili iliyotoka ionyeshwe kwa mteja kwenye chupa nyeupe, pamoja na pampu ya zamani, kabla ya kufunga mpya, na lita mbili za kusafishia ziandikwe kwenye bili kama sehemu ya kazi. Kwa wauza spea, mteja akinunua pampu mpeni washa zake mbili na mwulizeni kama amenunua oili na mpira wa kunyonya. Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro. Ikusanywe kwenye galoni lenye kifuniko na ipelekwe kwa wanaonunua oili chafu.

Fundi wa magari,
Tabata, Dar es Salaam